Swichi ya Datsun ya Hussam

Fundi Kazungu alikuwa amerushwa na umeme wa magari mara nyingi hata akawa anautania kama shemeji. Betri hakuiogopa, askari wa barabarani hakumwogopa, na wateja wakali aliwazoea. Kitu kimoja tu kilimtoa jasho: ule mlio mdogo wa kichuma kinapoingia mahali pake na kukwama. Kta. Basi hivyo tu. Mlango wa chumba chake kule Tudor ulikuwa na komeo zuri la shaba, akaling'oa. Sanduku la mkewe lilikuwa na kufuli, akalitoa. Dama, mkewe, aliwaambia majirani kwamba yeye ndiye mwanamke pekee kisiwani aliyeolewa na fundi halafu mlango wake ukafungwa kwa kamba ya katani kama banda la mbuzi. Majirani walicheka. Kazungu naye alicheka, kisha akatoka nje.

Mwaka wa tatu sasa alikuwa akiishi hivyo, na hakuna aliyejua kwa nini. Mtu akificha jambo miaka mitatu huanza kudhani limesahaulika, kumbe yeye ndiye wa pekee anayejisahaulisha. Alhamisi moja ya mwaka tisini na sita, Jaffar, dereva wa teksi wa hapo hapo Tudor, alisimama mbele ya kibanda chake.

"Swafia akutaka," alisema. "Mjane wa Hussam. Ile Datsun naichukua mimi, tumeshaafikiana na mzee mkwewe, lakini swichi ya ufunguo imekufa kwa kutu, haizunguki. Nilitaka kumpeleka fundi wangu. Yuwasema hataki mwengine ila wewe."

"Nina kazi nyingi," alisema Kazungu.

Jaffar alitazama huku na huku. Pale kibandani hapakuwa na gari wala pikipiki, palikuwa na paka amelala juu ya betri.

"Kazi zipi?" aliuliza.

Kazungu akachukua vifaa vyake. Kwanza alipita kwa wauza vyuma chakavu, akanunua swichi ya gari la aina ile ile. Kisha akarudi nyumbani, akaibana kwenye jiliwa, na kwa msumeno akakikata kile kichuma kinachochomoza kwenye swichi kufunga usukani. Alikikata mpaka kwenye shina, akakitupa chooni. Dama alisimama mlangoni akimtazama mumewe anavyoharibu kitu alichokinunua muda si mrefu, akatikisa kichwa.

Nyumba ya Mzee Sheikhan, babake Hussam, ilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, ghorofa moja, na nyuma yake ua uliofungwa kwa lango la mbao ambalo gari lilipita kwa kujibana. Mzee alikaa juu, mjane wa mwanawe na mjukuu wake Mwanakuu wakakaa chini. Swafia alimfungulia Kazungu lango akaliacha wazi makusudi, ili wapita njia waone kwamba fundi ni fundi na hakuna jingine. Alikuwa amejitanda vizuri, na uso wake umekonda kuliko Kazungu alivyoukumbuka.

"Karibu, fundi. Umetutupa kabisa."

"Kazi, mamake Mwanakuu. Kazi tu."

"Hata rambirambi hukuja kunipa mwenyewe."

Kazungu aliweka sanduku lake la vifaa chini, akasema alikuwa mgonjwa siku zile. Uongo ule ulikuwa na umri wa miaka mitatu, lakini ulimtoka kama umezaliwa asubuhi hiyo.

Datsun ilikuwa imefunikwa turubai. Swafia alilivuta, vumbi likaruka. Sehemu ya mbele iliyobonyea ilikuwa imenyooshwa na fundi wa bodi, nusu ikapakwa rangi na nusu ikaachwa hivyo hivyo. Kazungu alifungua mlango wa dereva. Harufu ya ubani ilimpiga usoni, si ya ubani wa leo, bali wa siku nyingi ulioingia mpaka kwenye vitambaa vya viti.

"Mwafukiza ndani ya gari?" aliuliza.

Swafia alitazama juu kwenye dirisha la mkwewe, akashusha sauti.

"Fundi, wewe ni mtu wa Hussam, nitakwambia. Gari hili hulia. Si injini, na betri waliitoa zamani. Ni kitu kidogo tu hapo kwenye usukani, kta, halafu kimya. Kila siku baada ya alasiri, wakati ule ule. Nimefukiza, na mwalimu wa chuo cha Kurani amekuja kusoma Yasini mara mbili, likanyamaza siku tatu kisha likarudi. Mwanakuu hapiti uani wakati huo. Ndiyo sababu mzee ataka litoke kabla ya Ramadhani."

Kazungu alijikuta ameshika mlango kwa mikono miwili. Alitaka kumwambia kwamba haiwezekani, kwamba kitu kilichokwama kwa kutu hakilii. Badala yake alisema, "Nipatie mafuta taa kidogo," akaingia chini ya dashibodi kama panya anayekimbilia tundu.

Kuitoa swichi ya namna ile si mchezo. Hushikiliwa na boliti mbili zilizokatwa vichwa makusudi, ili mwizi asiweze kuzifungua, na fundi mwaminifu naye hutaabika kama mwizi. Hugongwa kwa tindo ndogo, pole pole, kwa pembeni, mpaka zikubali kuzunguka. Kazungu alilala chali sakafuni mwa gari, tindo mkono mmoja na nyundo mkono mwingine, uso wake chini ya usukani ambao mwaka tisini na tatu ulivunja kifua cha rafiki yake. Kila alipogonga, kutu ilimwangukia machoni. Hakuipangusa.

Boliti hizo alizifunga mwenyewe.

Hussam alikuwa na tabia ambayo kila aliyepanda gari lake aliijua. Kila alasiri alikwenda Liwatoni kuchukua samaki wa duka la babake, na akifika juu ya mteremko alizima injini. Petroli ilikuwa imepanda mwaka ule na madereva wengi walifanya hivyo, lakini yeye alifanya kwa raha. Aliurudisha ufunguo nyuma mpaka mwisho, akainua kidole. "Sikiza," alimwambia Kazungu. Gari likateremka kimya, upepo tu na magurudumu, na Hussam akicheka kama mtoto anayeiba sukari. Chini kabisa, pale pembeni, alikata kona kuelekea kwa wavuvi bila injini hata kuwaka. Swichi yake ilikuwa kuukuu, kichuma cha kufunga usukani kilishatolewa na fundi mwingine miaka mingi nyuma. Angeweza kuurudisha ufunguo atakavyo.

Kisha ile swichi kuukuu ikafa, na Kazungu akampa nyingine, ya mitumba lakini kamili, kichuma chake ndani. Alijivunia ukamilifu huo. Alipoijaribu aliona kasoro moja: ilikuwa imelika, na kichuma kilichopaswa kungoja mpaka ufunguo uchomolewe kilikuwa kikiruka chenyewe mara tu ufunguo ulipofika mwisho. Akasema moyoni, gari likiwa limeegeshwa kuna ubaya gani? Halafu akakumbuka mteremko. Aliukumbuka, hilo ndilo lililomla mifupa. Maneno yalikuwa mdomoni: usizime tena mwendoni, Hussam. Lakini ilikuwa Ijumaa, muadhini alikuwa anaadhini, Hussam amevaa kanzu nyeupe na anarukaruka kwa haraka, akaunyakua ufunguo na kusema, "Twaonana jioni." Kazungu akasema moyoni, nitamwambia jioni.

Jioni hiyo haikufika. Alasiri ile ile wavuvi wa Liwatoni waliona Datsun ikishuka mteremko kimya, bila mngurumo, ikafika kwenye kona na haikupinda hata kidogo. Breki zake zilikuwa za kukanyaga mara tatu ndipo zishike, na nafasi ya mara tatu haikuwapo. Ilikwenda moja kwa moja, ikabomoa ukuta, ikaangukia kwenye mawe. Mtu aliyekuwa akiipita kona ile kila siku ya Mungu! Injini amezima mwenyewe, usukani hakuugeuza mwenyewe. Basi mji ukajumlisha, na mji ukijumlisha haurudii hesabu. Hussam amejiua.

Siku ya tatu, Kazungu alisimama nje ya nyumba hii hii, nyuma ya watu, akiwa na senti zake za rambirambi mkononi. Akamsikia Mzee Sheikhan akitangaza kwamba hitima haitasomwa. Mwalimu wa chuo alimwambia dua haikatazwi kwa maiti yeyote, lakini mzee alishakata kauli: hatawaita watu wamsomee mtu aliyeitupa roho yake. Kazungu alisikia kila neno. Aliondoka na senti zake.

Boliti ya pili iliachia. Aliitoa ile swichi, akatoka nayo nje, akaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na kuilowesha mafuta taa. Kichuma kilikuwa kimechomoza, kimeganda kwa kutu. Alitia ufunguo, akaubembeleza, na baada ya muda ukazunguka, kichuma kikaingia ndani. Akauchomoa. Akaiweka swichi juu ya kitambaa, mbali naye kidogo.

Swafia alimletea chai ya tangawizi na kaimati tatu kwenye kisahani. Alisimama kando ya nguzo, akisubiri anywe.

"Fundi, wewe ulikuwa ukipanda naye," alisema. "Mambo ya kuzima gari nayajua, alikuwa akinizimia hata mimi nikipiga kelele. Hilo halinishughulishi. Lakini kwa nini hakugeuza usukani? Miaka mitatu najiuliza jambo hilo moja. Mikono alikuwa nayo. Mato ya kuonea alikuwa nayo. Nimekumbuka asubuhi ile yote, neno kwa neno, nitafute nilimkosea wapi. Nilimwambia mtele wa kupika umekwisha. Basi hilo ndilo neno langu la mwisho. Kwani mtu hujiua kwa mtele?"

Kazungu alishika kikombe lakini hakukipeleka mdomoni.

"Na Mwanakuu chuoni wamwita mtoto wa aliyejitupa. Juzi ameniuliza kama babake hakumpenda. Nimwambie nini?"

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha muda, na watu walishaanza kurudi kutoka msikitini. Mzee Sheikhan naye alirudi, viatu vyake vikasikika kwenye ngazi za ndani, kisha dirisha la juu likafunguliwa. Kuku waliokuwa wakipekua kando ya gari waliondoka wote kwa pamoja, wakaenda upande wa pili wa ua. Swafia aligeuka kutazama gari. Kazungu aliona mkono wake ukishika nguzo.

Kta.

Haikutoka garini. Ilitoka kwenye ngazi, kando ya goti la Kazungu. Pale juu ya kitambaa, swichi iliyokuwa haina ufunguo, haina waya, haina mtu wa kuigusa, ilikuwa imetoa kichuma chake nje, kinang'aa kwa mafuta.

Tuseme mafuta taa yalilegeza kutu na springi ikajiachia yenyewe. Mimi sibishani na mtu. Kazungu mwenyewe, fundi wa miaka ishirini, alijua kwamba springi huweza kufanya hivyo. Lakini chai ilikuwa imemwagika yote mapajani mwake na hakuhisi moto wake. Alichohisi ni kwamba Hussam amesubiri vya kutosha.

"Umesikia?" alisema Swafia. "Nalikwambia!"

"Mamake Mwanakuu," alisema Kazungu, "aligeuza."

"Nini?"

"Usukani. Aligeuza. Haukugeuka."

Aliiokota swichi. Akautia ufunguo, akauzungusha mpaka kichuma kikaingia ndani. Akamwonyesha kichuma, akamwonyesha ufunguo, akaurudisha nyuma mpaka mwisho kama Hussam alivyokuwa akiurudisha. Kta. Kichuma hiki kikitoka, alimwambia, huingia kwenye tundu la chuma cha usukani, na hapo hata wanaume watatu hawaugeuzi. Alimwambia kuhusu swichi kuukuu na hii aliyoifunga yeye. Alimwambia kuhusu Ijumaa, adhana, kanzu, na neno alilokuwa nalo mdomoni. Hakujipunguzia hata tone. Alipofika kwenye siku ya tatu, aliimalizia kwa kunong'ona.

Swafia hakulia. Alikaa chini kwenye sakafu, mbali na ngazi, akaitazama Datsun.

"Kwa hiyo alikuwa akivuta," alisema. "Alikuwa akivuta mpaka mwisho."

"Ndiyo."

"Alitaka kurudi nyumbani."

"Ndiyo, dada."

"Na wewe ulijua." Hakupandisha sauti. "Siku zote hizi ninafukiza ubani, wewe ulijua, uko hapo Tudor wanywa chai."

Kazungu aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandalia matusi miaka mitatu, na Swafia akampa neno la chai tu.

Viatu vilisikika tena kwenye ngazi za ndani. Mzee Sheikhan alitokea mlangoni, kofia mkononi, tasbihi kwenye kidole. Alikuwa amesikia kutoka dirishani, na kama hakusikia yote, uso wake ulionyesha alisikia ya kutosha.

"Shikamoo, mzee," alisema Kazungu, kwa mazoea tu.

Mzee alitazama swichi tu. Alinyoosha mkono. Kazungu akampa swichi. Mzee akauzungusha ufunguo mara moja, akasikia, akauzungusha tena. Vidole vyake vilikuwa na makovu ya miiba ya samaki.

"Siku ya tatu ulikuwapo hapo nde," alisema. "Nilikuona. Ulinisikia nikisema hitima haisomwi?"

"Nilikusikia, mzee."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Niliogopa."

Mzee aliigeuza swichi mkononi. Kazungu alidhani anatafuta laana inayomfaa.

"Wewe uliogopa," alisema mwishowe. "Mimi nilikuwa babake. Nilimlea miaka thalathini na nne, na sikuuliza hata swali moja. Niliambiwa na watu wa kandokando ya ndia nikaamini." Akafunika mdomo kwa kofia. "Kaburini sijakwenda. Hata siku moja sijakwenda."

Swafia alisimama akaenda kumshika mkono mkwewe, na hapo ndipo alipolia, wote wawili wakalia, na Kazungu hakujua aelekeze macho wapi. Alianza kukusanya vifaa vyake.

"Weka chini," alisema mzee. "Hukumaliza. Kesho ni Ijumaa, baada ya alasiri twamsomea mwanangu hitima. Nitawaita wote, kila aliyesema na kila aliyesikia. Na wewe utakaa hapo langoni. Hapati mtu kuingia ila umwambie kama ulivyomwambia huyu, na umwonyeshe kwa hicho kidude. Mmoja mmoja."

Laiti angempiga kibao! Usiku ule Kazungu alimwambia Dama kila kitu. Dama alisikiliza, akasimama, akaifungua ile kamba ya katani mlangoni, akaitupa.

Ijumaa, Kazungu alivaa shati lake la kanisani, akaketi kwenye kigoda langoni mwa Mzee Sheikhan, swichi mapajani. Watu walikuja kwa wingi, wengine kwa dua na wengine kwa kutaka kujua. Waliingia kichochoroni wamejifunga vikoi na kuvaa kanzu, wakamkuta. Aliwasimamisha mmoja mmoja. "Mimi ndiye niliyeifunga swichi hii," aliwaambia. "Hussam hakujiua. Sikumwonya." Akauzungusha ufunguo. Kta. Jaffar alikuja, akasikia, akashika kichwa. Gari hakulitaka tena. Walikuja wavuvi wawili wa Liwatoni, wale wale waliosema kwamba hakupinda kona, wakasikia, wakavua viatu na kuingia bila kutazamana. Mzee mmoja alimtemea mate karibu na mguu. Mwingine alimshika bega. Wa thelathini, kta. Wa hamsini, kta. Kidole gumba kilimchubuka na kila mara mlio ule ulimwingia kifuani kama wa kwanza, wala haukuzoeleka hata kidogo. Ndani, visomo vilianza, sauti nyingi zikisoma juzuu tofauti kwa wakati mmoja.

Alipodhani wamekwisha, alisikia mtu nyuma yake. Alikuwa Mwanakuu, mtoto wa miaka tisa, amevaa mtandio mpya, amesimama uani karibu na lile gari ambalo wakati kama huu hakulisogelea kamwe.

"Na mimi sijaambiwa," alisema.

Kazungu alimwambia. Maneno aliyokuwa ameyarudia kwa mji mzima yalimwia mazito kuliko yote. Mtoto alisikiliza, kisha akanyoosha mkono, akaichukua swichi na kuzungusha ufunguo mwenyewe. Kta. Aliitazama ile ncha ya chuma, ndogo kuliko kidole chake. Akaigusa.

"Ndicho hiki tu?" aliuliza.

"Ndicho hiki tu, mwanangu."

Mwanakuu hakumrudishia. Aliifumbata mkononi, akaingia nayo ndani mahali watu walipokuwa wakimsomea babake, akaketi kando ya babu yake.